Redio ya Baba na Rais wa Marekani

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Baba,

Nimeanika tena betri juu ya bati la banda la kuku. Jua kali leo, labda zitapata nguvu. Asubuhi msomaji wa habari alisikika kama yuko ndani ya mtungi. Rais wa Marekani bado anaandamwa na bunge lao. Bado yupo.

Mwalimu mkuu amenipa ruhusa mpaka tuondoe tanga la msiba wako, Jumamosi. Siku hiyo vitu vyako atakabidhiwa Binamu Yohana, kwa kuwa ni mtoto wa dada yako, na mila yetu ndivyo ilivyo. Koti, panga, redio. Sina kinyongo. Naomba tu huyu rais atoke kabla. Ulilifuata jambo lake tangu mwaka jana, ukafa likiwa katikati. Nataka nilisikie mpaka mwisho kwa niaba yako.

Jumanne, 6 Agosti

Habari kubwa! Zimetolewa kanda nyingine za mazungumzo aliyoyarekodi ofisini kwake. Sauti yake mwenyewe inaonyesha alijua mapema habari za wale waliovunja ofisi ya wapinzani wake, na alitaka upelelezi uzuiwe. Hata wa chama chake wanamkimbia. Nilipiga kelele jikoni. Mama akadhani nyoka.

Mchana alipita Mzee Kasanda, mtani wako, Mnyamwezi wa shamba la mkonge, yule mliyekuwa mkibishana kama rais atatoka. Nikamwamkia.

"Marahaba. Katoka huyo Mmarekani?"

"Bado, mzee."

"Hatoki! Mkubwa gani anaacha kiti? Mwambie baba yako nimemshinda, ndiyo maana kakimbilia kaburini. Wasagara waoga nyie."

Nilicheka. Mama alijifanya anapepeta mchele.

Jumatano, 7 Agosti

Anasema hajiuzulu. Hakuna zaidi.

Kwenye somo la siasa tumefundishwa kwamba Marekani ni mabeberu. Najua. Lakini leo nilimwonea huruma, mtu mzima kusikilizishwa maneno yake mbele ya dunia. Kisha nikakumbuka mabomu ya Vietnam. Huruma ikapungua. Haikuisha. Wewe ulikuwa hivyo pia. Ulikuwa unamgombeza redioni, halafu unasema, "Maskini, hata usingizi hapati."

Alhamisi, 8 Agosti

Yohana amefika kutoka Ruaha. Mikono myeusi kwa masizi ya miwa inayochomwa shambani kwao. Alimwamkia Mama, akakaa naye muda mrefu. Mtu mwema.

Jioni akachukua redio, akatafuta muziki wa dansi. Wimbo baada ya wimbo. Betri zikaisha kabla ya taarifa ya habari. Ningesema nini? Keshokutwa ni yake.

Nimemchukia. Naandika ili niache.

Ijumaa, 9 Agosti

Asubuhi redio kimya kabisa. Nimeanika betri, wapi. Zimevuja.

Dereva wa lori la pamba alisimama kuomba maji. Akasema Dar wanasema yule wa Marekani amekwisha. Amekwisha vipi? Hajui. Labda amekufa, labda ameshinda. Nilitaka kulia kwa hasira.

Nikamweleza Yohana yote. Akanitazama.

"We mtoto, mbona hukusema jana? Mimi niliweka muziki kwa sababu nyumba imenyamaza mno. Nilimwogopea shangazi yako huyu," akamwonyesha Mama kwa kidevu.

"Shangazi yangu tangu lini?" Mama akamwuliza.

"Basi mke wa mjomba! Nimechanganyikiwa na njaa."

Akapanda baiskeli kwenda Mikumi kununua betri. Njia yote ile, na vumbi lake. Amerudi jua linazama, shati limelowa, betri kifuani ndani ya gazeti.

Tulisikiliza sote watatu. Amejiuzulu. Amehutubia taifa lake, anaondoka Ikulu yao leo, na makamu wake anaapishwa. Hakuna aliyepigwa risasi. Hakuna mwanajeshi barabarani. Mtu anapungiwa mkono, anapanda ndege, anakwenda kwao.

Nilidhani nitashangilia. Niligeuka kukutazama, kigoda kitupu. Nikalia. Yohana akapunguza sauti ya redio, hakuizima.

Jumamosi, 10 Agosti

Tanga limeondolewa. Watu wengi, pombe haikutosha.

Katikati ya chakula Mzee Kasanda akatoka ndani amevaa koti lako. Watani wana ruhusa hiyo. Akachechemea kama wewe, akaketi kwenye kigoda, akabana redio sikioni huku amefumba jicho moja. "Nyamazeni! Marekani wanasema!" Akamfukuza kuku kwa mguu, vilevile. Watu walianguka kwa kicheko. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka tangu tukuzike.

Kisha akanigeukia mimi. Hakucheka tena.

"Haya mwanangu, nilikuwa nimelala. Mmarekani katoka?"

"Katoka, Baba," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Basi yule Mnyamwezi wangu nimemshinda." Akavua koti, akalikunja, akamkabidhi Yohana. Akaenda nyuma ya nyumba. Alikaa huko kitambo.

Jumapili, 11 Agosti

Yohana ameondoka alfajiri na redio mgongoni. Mama anachambua mboga. Nimepanga vitabu vyangu, kesho narudi Kilosa shuleni.

Mchana nilikwenda mahame, kule tulikokuwa kabla ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Nimeng'oa majani juu ya kaburi lako. Udongo umeshuka kidogo upande wa miguu, nimeujazia. Palikuwa na upepo mzuri.

Sikukwambia chochote. Nadhani umeshasikia.

Nikumbuke, Baba.