Baba, Nimeingia Tumbo la Chewa

Baba,

Shikamoo. Nianze na habari kubwa: nimepata cheti cha kuzamia mapangoni. Ndiyo, mapangoni, kule ulikokataa kuingia wewe maisha yako yote. Shangazi alipokiona alikigeuza pande zote mbili, akasema, "Yaani siku hizi mtu anasoma ili akafie ndani ya jiwe?" Nikacheka. Wewe ungecheka zaidi.

Nyumbani hatujambo. Mtumbwi wako kauchukua baba mdogo, na banda lilivyobaki tupu Mama anaanika makopa ya muhogo juu ya bati lake. Mdogo wangu Issa yuko Mpapura kwa mjomba, anapalilia mikorosho na kunenepa. Miwani yako ya kuzamia ninayo mimi. Mpira wake umekatika, siwezi kuitumia, lakini simpi mtu.

Sikupata kukusimulia kozi ilivyokuwa. Ulipolazwa pumzi ilikuwa ndogo na sikutaka uitumie kunijibu mimi. Unakumbuka ulivyougonga kwa ukucha ule mtungi wa oksijeni, ukaniuliza kama ndio ninaobeba mgongoni? Nikasema wangu mzito zaidi. Ukasema, "Basi umenishinda." Najua ulikuwa unatania. Lakini wewe hujawahi kukubali kushindwa na mtu baharini, nikatoka wodini nikaenda kusimama kwenye korido.

Sasa sikia kituko. Darasa zima mwanafunzi mbovu nilikuwa mimi. Mimi, mtoto wa Mzee Athumani wa Msimbati! Ulinifundisha kuzama kabla sijajua kusoma. Tulishuka umenishika mkono, na muda wote unaouminya, sitoi hata povu moja. "Usiwape samaki pumzi yako bure," ndivyo ulivyokuwa ukisema. Kumbe mwenye mtungi habani pumzi. Anahema polepole, ndani na nje, bila kukatiza, kama mtu aliyelala. Ukibana, mapafu yanabaki yamejaa na mwili unapanda wenyewe, na pangoni juu kuna dari. Wenzangu waliotoka bara, watu ambao bahari wameiona ukubwani, walihema vizuri tu. Mimi nagonga dari. Salma, binti wa Mikindani ninayezama naye, aliniuliza siku moja tulipotoka, "Shoga, huko chini unahema au umefunga?"

Nikajirekebisha, nikafaulu, tena kwa haki, usidhani nilihurumiwa. Pango la kwanza baada ya cheti lilikuwa dogo na nilitoka ndani yake nikijiona malkia. La pili kadhalika: taa mbele, kamba mkononi, maji maangavu, na kimya ambacho sijakisikia popote hapa duniani. Nikasema, sasa niende nyumbani.

Ndiyo maana nakuandikia. Wiki iliyopita mimi na Salma tumeingia Tumbo la Chewa, lile pango la mwamba wako wa kusini, ambako wale samaki chewa wakubwa walikuwa wakikukimbia na kujificha ndani, na wewe unaishia mlangoni kuwatukana. Tulisubiri kiangazi, Ruvuma isiwe inashusha matope. Kamba tuliifunga nje, mlangoni, maana hiyo ndiyo njia ya kurudi na mkono haubanduki juu yake.

Ndani ni kupana, Baba. Kunapanuka kama ukumbi, na kuta zake zimelainika utadhani zimepigwa msasa. Nilikuwa mbele. Hewa ilipofikia kiasi cha kugeuzia nikageuka, bila ubishi wala kujidai, na hapo hapo chewa akachomoka chini yangu. Mnyama mzima! Mkia wake ukatibua matope yote ya sakafuni, taa ikawa haina kazi, nikawa sioni hata mkono wangu.

Nikabana pumzi.

Sikuamua. Mwili wenyewe ulifanya ulichoufundisha. Nikapanda, mtungi ukagonga dari, vijiwe vikanimwagikia, na kamba ikanitoka mkononi. Hapo ndipo ningekufuata, na si peke yangu. Salma alikuwa kwenye kamba akinisubiri, na namjua, asingetoka bila mimi.

Baba, nasema kweli, niliusikia mkono wako. Umeuminya wangu vile vile, kwa nguvu zile zile, na nilitamani nibaki hivyo hivyo. Lakini nilijua kwamba nisipouachia sishuki. Nikauachia. Nikatoa pumzi yote, ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa, mapovu yakanguruma masikioni, nikawapa samaki wote wa Msimbati bure. Mwili ukashuka taratibu na vidole vikaigusa kamba. Nikapapasa mpaka nikalipata bega la Salma. Tukaifuata kamba gizani, tukihema, hadi tukauona mwanga wa mlangoni.

Tulipofika juu nilianza kulia. Siku walipokutoa nyumbani sikulia. Wanawake waliniambia nijikaze, nikajikaza, wakanisifu kwamba nimerithi moyo wako. Nikajikaza mpaka arubaini ikapita, na baada ya hapo nikawa nimezoea. Salma alidhani nimeumia. Nikamwambia, sijaumia, baba yangu amekufa. Akasema, "Najua, shoga. Lia." Nikalia palepale majini, na mtungi mgongoni, kamasi zimejaa kwenye miwani.

Usinihurumie lakini. Siogopi. Mimi ni mzamiaji mzuri, Baba, na tangu siku ile nimekuwa mzuri zaidi. Mkono wako nitaushika nikiwa nchi kavu, kila nikikusomea Yasini. Chini ya maji niache niheme mwenyewe.

Mama nimemsimulia yote. Aligeuza makopa yake, akaniuliza tunarudi lini kule pangoni. Nikamwambia maji makubwa ya bamvua hili yakipita. Akasema atakuja kukaa pale mwambani, na kama akiona nachelewa ataingia kunitoa mwenyewe. Hajui kuogelea, Baba, lakini unamjua mkeo. Kwa hiyo nakuahidi: kila nitakapoingia, nitatoka.

Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Zaituni