Kura ya Nane

Mpendwa kaka Daudi,

Ripoti imetoka. Niliiona leo asubuhi kwenye tovuti ya kaunti, nikaisoma ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini hadi nikachelewa kuingia. Mchana nimeisoma tena. Sehemu yako haimo, na tangu hapo situlii.

Unakumbuka tulivyoapishwa, raia kumi na mmoja, tuichunguze kazi ya kaunti kwa mwaka mzima? Mimi Mtanzania, wewe Mkenya wa Brooklyn Park, sote sasa raia wa Marekani. Mwenyekiti alitugawa katika vikundi, akatusomea masharti: mahojiano yafanywe na watu wawili, jina la shahidi lisitoke chumbani, jambo lisiingie kwenye ripoti bila ushahidi wa vyanzo viwili, na kila sehemu ipate kura nane. Ukaninong'oneza kama hii ni kamati ama ni seminari. Nilicheka hadi mwenyekiti akanitazama.

Sisi tulipewa suala la wakalimani katika ofisi za kaunti. Kila Jumamosi ulinipitia, hita ya gari lako ikipiga kelele kuliko kutoa joto, ukinifundisha Kiswahili chenu nami nikikusahihisha.

Ndipo tukafika kwa yule mama Mkongo wa Brooklyn Center. Alitueleza alivyokwenda ofisi ya nyumba za kaunti kuomba atengenezewe bomba. Mkalimani hakuitwa, karani alitafsiri kwa simu yake ya mkononi. Mama akatia sahihi karatasi akidhani ni ombi la fundi, kumbe amekubali kuhama. Uliandika yote kwa mkono, na tulipotoka ukayasoma tena yote kabla ya kuwasha gari.

Kikundi cha kuhariri kilikuwa changu. Shahidi alikuwa mmoja tu, kwa hiyo nikaiondoa sehemu uliyoandika juu yake. Uliniuliza mbele ya wote, bila kupaza sauti, "Neema, unajua anasema kweli?" Nikajibu kwamba najua, lakini masharti ni masharti. Ukakusanya karatasi zako. Barua yako ya kujiuzulu ilifika Jumatatu, na simu zangu hukuzipokea tena.

Usichojua ni kwamba sikuishia hapo. Niliomba daftari la ofisi ile la kuita wakalimani, nikazungushwa wiki tatu, nikalipata. Siku aliyokwenda yule mama, hakuna mkalimani wa Kiswahili aliyeitwa. Huo ukawa ushahidi wa pili. Nikairudisha sehemu yako, maneno yako yale yale, nikaomba ipigiwe kura.

Mwenyekiti alikuwa hajaipeleka barua yako kokote, kwa hiyo ulikuwa bado mjumbe. Ungekuja, ungepiga kura. Nilikupigia simu asubuhi ya kura mara nne.

Mikono saba ilinyooshwa, Daudi. Nilihesabu mara mbili, kama vile mkono mwingine ungetokea.

Leo baada ya kazi nimekwenda kwa yule mama, maana sikutaka ayasikie kwa watu. Siku hizi anaishi sebuleni kwa dada yake. Nilipomweleza akaniuliza, "Na ule kaka mwenye alikuwa anaandika, iko wapi?" Nilisema u mzima, nami sijui kama ni kweli. Akasema kamati mpya ikimtaka atasema tena, safari hii kwa jina lake, ila hawezi kuanza upya na mtu asiyemjua.

Nimekaa na hasira nawe miezi hii yote, na nimejikasirikia mimi zaidi. Ningekuambia siku ile kwamba nitatafuta ushahidi wa pili, pengine ungebaki. Sikukuambia kwa sababu hata mimi sikujua kama nitatafuta.

Kamati ya mwaka ujao inapokea maombi hadi Ijumaa. Yangu nimeshayatuma. Sikuombi unisamehe kwanza. Jaza fomu, hayo mengine tutayagombania garini.

Msalimie wifi. Ubaki salama hadi nikusikie.

Dada yako,
Neema