Chungu cha Guka Kule Ngoliba

Mjukuu wangu Wanjiru,

Hapa Kiganjo tuko salama, na habari ya kazi yako ya Lodwar imenipigisha vigelegele! Unauliza insulini yako itakaaje kwenye joto hilo bila friji. Guka wako, Mungu amrehemu, aliugua sukari kama wewe, na tulipooana, Ngoliba haikuwa na stima. Dawa yake tuliiweka kwenye kopo, ndani ya chungu cha mchanga uliolowa maji, ikakaa baridi. Siku moja mama yake akapanda sukuma mle!

"Maji yote haya na hakuna hata mche?" akasema.

Guka akacheka: "Maitu, kwani hata sukuma inaugua sukari?"

Kwa dawa ya chungu kile, Guka alilima huko mpaka mvi zikamjaa kichwani. Waambie hao wa Lodwar unakuja, mama!

Cucu wako