Kanda ya Baba Haiuzwi

Kaka Njeru,

Ujumbe wako umefika. Hukuuliza Mama anaendeleaje, hukuuliza kama mvua imetukumbuka mwaka huu. Uliingia moja kwa moja kwenye shughuli: kwamba wewe na wenzako huko ng'ambo mnakusanya kanda za zamani za mbio za magari, mtaziweka mtandaoni, na anayetaka kutazama atalipa kwa simu yake. Ukaniuliza mimi, dada yako mshona nguo wa soko la Ishiara, "Wanja, unafikiri mashabiki watalipa?" Halafu, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo akiwa tayari ameshika mlango, ukaniomba nikutumie ile kanda iliyo ndani ya sanduku la Mama.

Nakujibu mbele ya watu. Kanda hiyo uliionyesha mbele ya watu, basi na jibu lake walisome.

Watalipa, Njeru. Hilo lisikukoseshe usingizi. Najua watalipa kwa sababu nimeshawaona wakilipa, wakisukumana mlangoni na nguo zao za kanisa. Hukuwa na haja ya kuniuliza, maana wewe ndiye uliyekuwa unapokea.

Unaikumbuka kona yetu? Nauliza kwa hasira lakini nauliza pia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwuliza. Kila Pasaka, miaka ile ya tisini, magari ya rali yalipita chini ya boma letu, na shamba la Baba likajaa watu kuliko kanisa. Mama alichemsha mbaazi sufuria nzima na kila aliyekuja alipata kiganja chake. Baba alikuwa na sifa moja kijijini, ya kulisikia gari kabla halijaonekana. Alikuwa akiinua mkono watu wanyamaze, anatega sikio, kisha anasema, "Huyo anakuja, na anakuja vibaya." Wewe ulikuwa begani kwake na mimi chini nimeshika suruali yake, nalia kwamba zamu yangu imefika. Ilikuwa haifiki. Ulikuwa mkubwa tayari, miguu yako inagonga magoti yake, na bado alikubeba.

Unakumbuka pia ule mchezo wa maji. Mtu alikuwa anamwaga ndoo moja pale konani ili gari likipita litikise mkia kidogo, watu wapige mayowe, wacheke, basi. Ndoo moja. Kwetu maji hayakuwa kitu cha kuchezea, na hata ile ndoo moja Mama aliitazama ikimwagika kwa uso wa mtu anayeona unga ukimwagika.

Kisha ukaenda Embu mjini kufanya kazi kwa yule bwana wa kupiga video za harusi, ukarudi na kamera begani na neno jipya mdomoni. Ulisema utapiga picha za rali, utakodi deki ya kuchezea kanda na jenereta, na watu watalipa kiingilio kutazama. Tulikuwa tunakula. Baba alicheka hadi akaweka sahani chini.

"Nani atalipa kutazama kitu kinachompitia bure mlangoni?"

"Kinapita mara moja tu, Baba," ulimjibu. "Mimi nitawaonyesha mara mia."

Baba akaacha kucheka. "Kitu kikionekana mara mia, si kitakuwa kitu kingine?"

Ukasema ni mambo ya kizamani. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu sisi methali hiyo ilikwenda mrama, kwa sababu aliyekataa kusikia alikuwa wewe, na guu lililovunjika likawa la mkuu.

Mwaka wa kwanza ulipiga picha za vumbi. Nilikuwepo pale ukumbini, nyuma ya bucha, watu wakikodoa macho kwenye runinga yenye rangi ya uji. Jamaa mmoja alisimama akasema, "Njeru, sisi tumeacha vumbi la bure nyumbani, na wewe unatuuzia lingine hapa. Rudisha pesa ama uonyeshe gari." Walicheka wote. Wewe hukucheka. Nakufahamu, tumelala chumba kimoja tangu utotoni, nikajua kicheko kile umekimeza na hakitatoka salama.

Mwaka uliofuata mvua ya Machi ilichelewa. Mbuzi walikuwa wanakula magome ya miti. Mimi na Mama tulikuwa tunakwenda mtoni alfajiri, mitungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na pipa lililokuwa kando ya jikoni tulilijaza kwa siku nyingi ili Pasaka itukute na maji. Jumamosi ya rali nilitoka nje nikakuta pipa limelala. Ulikuwa umelisukuma hadi konani na kumwaga maji yote. Si ndoo moja. Maji yote, kaka, ya kunywa, ya kupikia na ya kumwogesha nyanya. Mama alipokuja mbio huku ameshika kichwa, ulimwambia bila kugeuka, "Nitakununulia tangi."

Tangi hilo Mama bado analingoja.

Nani asiyejua mbuzi mwenye kiu hufanya nini akinusa maji? Mtoto wa miaka mitano hapa Ishiara anajua. Wewe ulizaliwa hapa, ukachunga hapa, na siku ile ulijisahau kama mtu aliyeshuka kutoka kwenye ndege. Mbuzi wa Baba walivunja ua wa miiba wakaja wote kwenye lile tope, wakapiga magoti barabarani wanalamba. Watu wakacheka. Wewe ulikuwa juu ya kile kichuguu cha kando ya kona, jicho ndani ya kamera, unacheka pia. Baba peke yake ndiye ambaye hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshainua mkono. Alikuwa amesikia. Hakusema huyo anakuja vibaya. Alikimbia tu barabarani na fimbo yake kuwatoa wanyama wake.

Gari lilifika konani likakuta utelezi ambao hakuna mtu aliyemwambia dereva. Sitaki kueleza zaidi. Wewe unayo picha kichwani na mimi ninayo.

Ninachotaka kukieleza ni kilichofuata, kwa sababu hicho ndicho kinachonichemsha hadi leo nikiwa na mvi. Gari lilikuwa limetumbukia mtaroni, na mashabiki, kama desturi yao, walikimbia wote kulitoa. Wazee kwa vijana walikunja mikono ya mashati. "Moja, mbili, sukuma! Haya tena, sukuma!" Walilinyanyua, wakalirudisha barabarani, likaondoka, wakalipigia makofi. Baba alikuwa amelala hatua chache tu kutoka pale, mguu wake umeelekea upande ambao mguu hauelekei, mbuzi mmoja aliyekufa ameegemea kifua chake. Aliyekuwa anamkimbilia ni mimi peke yangu. Na nikiwa nakimbia nilisikia sauti kutoka kwenye kichuguu.

"Wanja, toka mbele! Unaziba!"

Hiyo ilikuwa sauti yako, Njeru. Kaka yangu wa tumbo moja. Nilidhani sikusikia vizuri, nikageuka, na uso wako haukuonekana. Kioo cha kamera tu.

Baba akalazwa Embu. Ulikuja kumwona, ukamletea machungwa, na ukaondoka upesi, ukasema una kazi. Kazi yenyewe tuliisikia kwa shangazi aliyeolewa Kiirua. Alikuja hospitalini amejaa aibu, akamvuta Mama kando na kumwambia kwamba Njeru yuko kule na jenereta, ukumbi umejaa mpaka watu wanachungulia madirishani, na kwamba yeye mwenyewe alilipa bila kujua, akidhani anakwenda kuona magari. Ulikuwa umepita pia Manyatta. Mama alimwuliza, "Na watu wanasemaje?" Shangazi akaangalia sakafu. "Wanasema rewind."

Mwisho ukathubutu kuileta Ishiara. Sijui ulidhani Baba atakaa hospitalini milele ama ulidhani mtu wa magongo hafiki sokoni. Alifika. Siku ya soko tulikuwa tumeketi kwenye veranda ya bucha, anakunywa supu, na nyuma ya ukuta kelele zikapanda. Kicheko kwanza, cha kuwacheka mbuzi. Kisha mayowe. Kisha ukumbi mzima kwa sauti moja, "Rudisha! Rudisha! Hebu hiyo ya mzee tena!" Mwenye bucha aliingia ndani haraka akaongeza sauti ya redio. Alikuwa mtu mwema, na ni yeye peke yake soko zima aliyefanya kitu. Baba akaweka bakuli chini.

"Wanja, nipe magongo yangu."

Ulikuwa umeketi mlangoni na mkebe wako. Nikiishi miaka mia sitausahau uso wako ulipomwona.

"Baba. Wewe huwezi... Pita tu, si lazima ulipe."

"Hawa wengine wamelipa?"

"Wamelipa."

"Sasa mimi ni nani nisilipe?"

Akatoa sarafu, zilikuwa bei ya soda tu, akakunyooshea. Nami nilisimama nyuma yake nikakuombea kwa Mungu, nikasema Bwana, asizipokee, asipokee tu, mengine yote nitayasamehe. Ukazipokea. Ulizitia ndani ya mkebe na nikazisikia zikigonga chini.

Baba aliketi benchi la mbele na kunyoosha mguu wake mbovu. Watu walipomtambua, ukumbi ulikufa. Wale waliokuwa wanapiga kelele walianza kutazama viatu vyao. Kanda ikaendelea: mbuzi, fimbo, gari, mtaro, sukuma. Halafu sauti yako ikatoka kwenye runinga, kubwa kuliko ilivyokuwa siku yenyewe, ikiniambia nitoke mbele. Hakuna aliyecheka. Picha ilipokwisha Baba alisema neno moja.

"Rudisha."

Ulirudisha. Mikono yako ilikuwa inatetemeka siku hiyo, ukakosa kitufe mara mbili. Alitazama tena hadi mwisho, taratibu, kama anavyomkagua mbuzi wa kununua. Kisha akakugeukia na kusema bila hasira yoyote, na afadhali angekupiga kwa gongo, "Nilikuwa nataka kuona kama mkono wako ulitikisika. Haukutikisika. Nipe hiyo kanda."

Ukampa. Akaiweka ndani ya koti, akamletea Mama, na Mama akaitia sandukuni. Hajawahi kuuliza ina nini. Wiki haikuisha ukawa umeondoka, kwanza Nairobi na baadaye huko kwenye baridi, na Baba alipokufa ulipiga simu ukasema tiketi zimekuwa ghali. Magongo yake yako nyuma ya mlango wangu. Kila Pasaka, hata magari yalipoacha kupita njia yetu, alikuwa anatoka na kusimama konani, anainua mkono, anatega sikio. Nilimwuliza mara moja anasikiliza nini, akasema, "Huenda Njeru anakuja."

Sasa nisikilize vizuri, maana nimejibu swali lako na bado nina neno. Unasema mtandaoni mtu ataweza kutazama akiwa kitandani, na akitaka kurudisha nyuma atagusa kioo kwa kidole tu. Umeliandika hilo kama jambo zuri. Pale Ishiara angalau walilazimika kupaza sauti, na kwa sababu walipaza sauti Baba aliwasikia. Pale kulikuwa na mlango. Mzee aliinuka, akalipa, akaingia, na watu wakaona haya. Huko mtandaoni Baba ataingilia wapi? Maelfu watamrudisha na kumrudisha, ataanguka Canada na ataanguka Japani, na hakuna hata mmoja atakayeinua macho amwone amesimama mlangoni kwa magongo.

Mashabiki siwachukii. Nimewashonea sare za watoto wao, nimekula kwenye matanga yao. Mtu hulipa kwa kile anachowekewa mbele. Mchuma janga hula na wa kwao, na janga lile ulilichuma wewe, ukalipakua kwa sahani, ukawaita watu. Hasira yangu ni yako yote, sigawi.

Ukitaka kuiona kanda, njoo. Sanduku liko palepale na Mama hulikalia mchana akisuka kiondo, macho yake yameisha lakini masikio yake ni ya Baba. Nitaazima deki kokote iliko. Tutaketi wewe katikati, mimi na Mama pembeni, na tukifika pale penye sauti yako hutaruka mbele. Utaisikia ukiwa umeketi karibu na Mama. Kiingilio hakuna.

Lakini kuituma, la. Ulinifokea siku ile nitoke mbele yako, na mimi nilipiga magoti kwenye tope nikamfunika Baba kwa leso yangu, ukapata mgongo wangu tu kwenye picha yako. Sikutoka. Leo nimesimama kati yako na sanduku lile, na bado sitoki.

Mimi dada yako, ambaye angali anaziba,
Wanja