Vidoa Vitatu Chini ya Rangi

Minnesota,
19 Oktoba

Kwako Baba Mdogo Verlyn,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Montana, na kwamba goti lako halikusumbui sana baridi hii inapoanza. Sisi huku tuko salama kiasi. Mahindi yamechelewa kuvunwa kwa sababu ya mvua, na Mama bado anapika chakula cha kutosha watu watatu ingawa tangu Baba afariki tumebaki wawili tu.

Najua utashtuka kuona mwandiko wangu. Miaka kumi na sita imepita bila hata kadi ya Krismasi kutoka nyumba hii. Usiitupe barua, tafadhali. Ina habari za jina lako, na za kile chuma.

Labda hukusikia, lakini siku hizi nafanya kazi kwenye mitambo ya upepo. Napima chuma kabla mafundi hawajachomelea. Nakwangua rangi, nabandika mdomo wa mashine, inapiga cheche moja na kunisomea kilichomo: kaboni kiasi gani, manganizi kiasi gani. Bila hivyo fundi hajui akipashe moto kiasi gani kwanza, na kikichomelewa ovyo kinapasuka kikipoa. Kila cheche inaacha kidoa cheusi, kama mtu amezima sigara pale.

Wiki iliyopita tulitumwa kwenye ule mnara wa shambani kwa akina Lindqvist, mlioukarabati wewe na Baba. Fremu ya mlango imepasuka tena, kona ileile. Nilikwenda damu ikinichemka. Unajua tulivyolelewa: wewe ndiye uliyenunua lile bamba la kona hiyo, Baba ndiye aliyechomelea, na kiungo kilipoachia baada ya msimu mmoja wa baridi, Baba akasema umemletea chuma chakavu kwa jina la chuma kipya. Wilaya nzima ilimwamini. Watu wakaacha kukupa kazi, mpaka ukahama. Nami nisikufiche, nilifurahi kwamba hatimaye ningekukamata kwa mikono yangu mwenyewe.

Mashine ikasema chuma ni safi. Nikapima tena. Nikaijaribu kwenye kipande chetu cha majaribio, ikawa haina kosa. Nikarudi kwenye bamba, jibu lilelile. Chuma kizuri, cha kiwango kile hasa kilichotakiwa. Nikaitukana mashine kwa sauti.

Delmar, mzee ninayefanya naye kazi, kwa kawaida hafungi mdomo. Siku hiyo alikuwa kimya tangu tushuke garini. Nikamtania, "Vipi Delmar, leo mkeo kakunyima kahawa?" Hakucheka. Akaniambia nikwangue rangi kidogo zaidi, upande wa chini. Nikakwangua, nikakuta vidoa vitatu vya zamani, vimejipanga pale chini ya rangi. Mtu alikwisha kupima chuma kile kabla yangu.

Akaniambia mtu huyo ni yeye. Baba alimwita Jumapili moja baada ya ibada, wewe ukiwa umeshahama, akamwomba apime bila mtu yeyote kujua. Delmar akapima, akamweleza wazi: "Orrin, chuma cha mdogo wako hakina neno. Wewe ulichomelea Januari, bamba likiwa barafu tupu, wala hukulipasha moto." Anasema Baba alisimama akivitazama vile vidoa mpaka yeye akaanza kufungasha vyombo vyake. Kisha akasema, "Paka rangi, Delmar." Delmar akapaka. Alidhani Baba angekwenda mwenyewe kukuambia. Kila mwaka alidhani ni mwaka huo.

Baba Mdogo, Baba alijua. Alijua huna kosa, akakaa nasi mezani miaka yote ile akituacha tukuite tapeli. Nampenda, na nimemkasirikia, na hayupo nimwulize. Nalia nikiendesha gari, nalia nikiwa kazini juu ya ngazi.

Siku ya mazishi nililiona gari lako nje ya kanisa. Uliketi ndani mpaka jeneza lilipotoka, hukushuka. Nikasema moyoni, afadhali ana haya. Nisamehe sana.

Juzi nilimwambia Mama. Alinijia juu, akasema marehemu aachwe apumzike, na kwamba sina adabu kumvua nguo baba yangu mbele ya watu. Nikamjibu kwamba Jumapili, watu wakinywa kahawa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, nitasimama niseme yote, na Delmar atasimama nami. Tangu hapo hanisemeshi.

Bamba lako hatukuling'oa. Tulilipasha moto ipasavyo, fundi akachomelea juu yake, na kiungo kimekubali.

Sikuombi umsamehe Baba. Hilo ni lako. Nakuomba tu uje, ukijisikia. Chumba kipo. Nisalimie Shangazi Jolene na binamu zangu, ambao sijui hata kama wangenitambua njiani.

Barua hii nimemsomea Mama kabla ya kuifunga. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo, akikunja nguo. Nilipofika mwisho akageuka, akaniuliza mbona sijaweka salamu zake.

Mwanao,
Marit Haugen