Soksi Kwenye Lenzi

Jumanne, 1 Agosti 1995 – Mahajanga

Nimefaulu! Hamada alinikalisha kwenye posiposi lake, kigari cha kuvutwa kwa mkono, kamera begani, akanivuta taratibu mtaa mzima wa Mangarivotra. Picha haikutikisika – imeteleza kama ya sinema hasa! Hamada alicheka. Eti miaka yote anavuta watu, hajapata abiria wa kumwomba asifanye haraka.

Na hii ni VHS ya kawaida tu, haina hata miguu ya kusimamia. Mume wangu Zoubeir alirudi nayo jana kutoka Nosy Be, alikokwenda kupiga vidio ya arusi. Yeye hupiga siku za wanaume, mimi siku za wanawake, maana huko mwanamume haingii. Kanda zake nitaziunga Ijumaa.

Ijumaa, 4 Agosti

Bora naandika Kiswahili. Nyumbani tunasema Kikomoro, mtaani Kimalagasi. Hiki alinifunza baba, na mume wangu hakisomi.

Niliwasha deki zote mbili za kuungia kanda. Kanda ya tatu, baada ya wazee kula – msichana. Uani kwao, peke yake. Dakika nne!

Zoubeir ninayemjua huvuta picha na kuirudisha kama anayejaza upepo baiskeli. Hapa kasimama mbali, kamleta karibu kwa lenzi, ukuta wa nyuma umeyeyuka. Shuka jeupe upande wa kivuli, limrudishie mwanga. Na ule ulaini usoni... Soksi yangu! Ile ya nailoni, ya kahawia, niliyoitafuta wiki mbili. Kaivalisha lenzi.

Mwezi wa Juni aliniomba nimwonyeshe mwanga laini. Nikamwonyesha kwa uso wangu mwenyewe, dirishani kwetu. Nikajiona napendwa, mjinga mimi. Kwenye kanda sauti yake inasikika: Geuza shavu. Teremsha kidevu. Usinitazame mimi, tazama mwanga. Maneno yangu, neno kwa neno.

Nimeirudisha mpaka kanda ikaanza kulia.

Jumapili, 6 Agosti

Nimemuuliza. Hakukana. Anaitwa Laïla. Arusi tarehe kumi na tisa. Alikuwa akinieleza huku anatazama sahani. Dini inamruhusu, anasema. Najua inamruhusu! Nimemwambia ningevumilia mke mwenza, labda. Ila soksi je? Hakunielewa. Anadhani nalilia soksi.

Jumatatu, 7 Agosti

Sikupika.

Alhamisi, 10 Agosti

Mama mkwe amekuja, Bi Zaïnabou, na halua. Nikajua kuna jambo. Kaniomba nikapige vidio siku ya wanawake. Ya arusi ya mume wangu! Hakuna mwanamke mwingine anayejua kamera, toka hapa mpaka Nosy Be. Bila kanda, anasema, watu wa bibi arusi wataaibika.

Nikamkumbusha kwamba nyumba hii ni yangu, nilijengewa na mama kama desturi yetu, na mwanawe aliingia na sanduku moja. Kamera nayo ilitoka kwenye bangili zangu nilizouza. Akajibu polepole, "Ndiyo maana nimekuja kwako, mwanangu, sikwenda kwake."

Nimekubali. Nisipokwenda watasema Sitti kajificha kwa wivu. Na niseme kweli, hapa hanisomi mtu: nataka kumwona.

Ijumaa, 18 Agosti – Nosy Be

Nimefika. Nimetapika njia nzima melini, kamera mapajani ndani ya kanga. Zoubeir alinipokea bandarini, akanyoosha mkono kuibeba. Sikumpa. Moyo unauma kama jino.

Jumamosi, 19 Agosti

Naandika kwenye kona ya chumba cha bibi arusi. Nimewaambia betri haijajaa. Uongo. Imejaa tangu asubuhi.

Ni mdogo. Miaka kumi na tisa, labda. Walipomaliza kumwosha liwa usoni alikuja kunibusu mkono, mkono wake baridi kwa woga. Nilitaka awe na kiburi! Ningejua la kufanya. Kisha akaenda mwenyewe dirishani, akaketi, akageuza shavu, akateremsha kidevu. Hakuna aliyemwambia. Nilisimama na kifuniko cha lenzi mkononi, nikasahau nilikuja kufanya nini.

Akaniita kwa sauti ya chini. "Dada Sitti, Zoubeir kasema baada ya arusi utanifundisha. Arusi za huku niwe nazipiga mimi. Kamera ibaki."

Kamera ibaki! Nikamuuliza kama anajua ilinunuliwaje. Hajui. Macho yake hayajui lolote, masikini. Wamenitoa Mahajanga nije kumpamba na kumwachia kazi yangu, na yeye kaambiwa nimeridhia.

Bila shuka, bila soksi, jua hili la dirishani litamla uso. Kila chunusi itaonekana, miaka yote watakayoitazama kanda hii. Nisiguse kitu tu. Hakuna atakayejua, ila mimi na Zoubeir.

Ngoma zimeanza uani. Shangazi yake, Bi Hadidja, anauliza mara ya tatu tunangoja nini.

Shuka nimeliona limeshatundikwa upande wa kivuli. Nani kalitundika? Mimi. Na soksi iko kwenye lenzi, nimeikaza kwa mpira, sikumbuki saa ngapi. Mikono hii!

Laïla ananitazama. Anauliza atazame wapi –