Ndizi Zilizolala Nje

Alhamisi, 9 Januari

Esperance amefika jioni, miguu imevimba. Theluji njia nzima kutoka Louisville, Kentucky, mpaka hapa Whitehall, Columbus. Nimempa chai na mihogo, kisha nikashuka kwenye gari lake kuteremsha mzigo, kama kila Alhamisi. Yote, ya kwangu na ile anayoipeleka kesho Buffalo, ngazi mbili mpaka sebuleni. Mgongo unaniuma.

Ndizi haivumilii baridi. Ikilala nje usiku mmoja inakufa, na haikuambii kwamba imekufa. Asubuhi unaiona kijani, nzuri kabisa. Siku zinapita ndipo inageuka rangi ya majivu na kukataa kuiva. Nilijifunza hilo mwaka wetu wa kwanza hapa, kwa hasara. Nimezifunika kwa blanketi la kambi ya wakimbizi, lile la kijivu. Esperance anacheka. Anasema nazilaza ndizi kama watoto, bado tu kuziombea. Acheke. Kule Louisville yeye anazipata sokoni asubuhi na kupakia, hajawahi kuziona zikifa.

Maboksi ya avoka yenye alama nyekundu ni ya Buffalo. Amesema nisiyafungue, wenyewe wameshayalipia. Sijayagusa.

Ijumaa, 10 Januari

Nimepanga rafu yangu dukani kwa Baba Kevin. Rafu yangu! Bado ya majaribio. Amesema nimletee mwezi huu avoka na ndizi nzuri kila wiki, akiridhika rafu inakuwa yangu na mimi naacha kufunga maboksi ya watu kule depo. Nimemwomba Mungu hilo tu mwaka huu. Hilo tu.

Bon, haya. Nimefungua avoka. Za juu safi. Za chini zina madoa, nyingine zimeshalegea shingoni. Nimechambua, nimetupa. Nimeuza dola moja na nusu kila moja, na supamaketi ya hapo barabarani ni dola moja. Watu wanachukua kwangu kwa sababu ni mimi.

Jumapili, 12 Januari

Aibu. Baada ya ibada Mama Rehema ameniletea avoka yangu imefungwa kwenye karatasi ya foili kama maiti. Amefungua mbele ya wamama wote wa kwaya. Ndani nyeusi, nyuzi tupu, kama nywele. Angetukana ingekuwa afadhali.

Nimempa nyingine, na ndizi mbili za matabishi, nyongeza ya bure, juu yake. Nimemtetea Esperance. Nimesema yule mama anaamka alfajiri kwa ajili yetu, anaendesha kwenye barafu, msimu ni mbaya huko Meksiko. Nimesema kwa sauti kubwa. Wamama wameangalia viatu vyao.

Alhamisi, 16 Januari

Amefika. Nimemuuliza taratibu, maana si vizuri kumshika mtu na njaa yake. Amesema mvua, amesema msimu unaisha, amesema hata Buffalo wanalia. Amekula sambaza wangu wote, dagaa wa ziwa la kwetu, na kuniomba kitenge cha kulalia.

Nimejisikia vibaya kwa kumshuku. Kambini tulipika sufuria moja, mimi na yeye, mpaka ndege ilipotugawa, yeye Kentucky, mimi Ohio. Sifa wangu alizaliwa mikononi mwake, usiku wa mvua, kabla nesi hajafika. Mtu kama huyo unamuulizaje habari za avoka?

Ndizi nimeziingiza. Nimezifunika blanketi.

Jumanne, 21 Januari

Baba Kevin amenionyesha kikapu cha zilizorudishwa. Yeye ni Mrundi, mpole, haongei sana. Amesema Mama Sifa, samaki mmoja akioza wote wameoza, watu sasa hawanunui hata unga wangu. Amenipa wiki moja.

Sifa anasema niachane na avoka, niuze vitu vya kopo. Amesema kwa Kiingereza, bila kuinua macho kwenye simu. Nimemfokea bure.

Jumamosi, 25 Januari. Buffalo

Tumekuja msibani, kwenye gari la mchungaji. Shemasi wetu wa zamani wa kambini amefariki. Tumelala chini sebuleni kwa Bibi Nabintu, mtaa wa Lower West Side, wanawake tisa na mkeka mmoja.

Asubuhi Bibi amenituma jikoni nikamenye avoka za kula na wali. Boksi lilikuwa pembeni ya friji. Alama nyekundu.

Nimekaa chini. Mama yangu wee. Nzito, ngozi laini, zote sawa, za juu na za chini. Nimekata moja. Njano kama siagi mpaka kwenye kokwa. Nimekata nyingine. Nyingine tena. Nimekata kama mwendawazimu, mpaka Bibi akaniuliza kama nalisha kijiji.

Nimemuuliza wanauza bei gani hapa. Dola moja. Na wanafunzi wa chuo kule Amherst wanakuja na magari, wanabeba boksi zima. Nikasema una bahati, Bibi, mwaka huu zimekuwa mbaya. Akacheka. Akasema, "Mbaya Esperance anawaachia Columbus, mwanangu. Sisi hapa tulimrudishia mara moja, tukampigia kelele. Ana ndugu yake kule, yeye halalamiki."

Hakujua ndugu huyo ni mimi. Alikuwa ananitazama kwa upendo, ananipa kisu kingine chenye makali.

Jumapili, 26 Januari

Njiani kurudi. Wengine wanaimba. Mimi nahesabu Alhamisi.

Yaani mimi nimebeba maboksi yale. Kwa mgongo huu. Nikayalaza sebuleni kwangu karibu na hita, nikayalinda yasipatwe na baridi, mimi na mwanangu tukijibana chumbani. Mazuri yamelala kwangu kila Alhamisi, na asubuhi nimeyapakia tena kwenye gari kwa mikono yangu. Na yaliyooza nimeyapeleka kwa watu wa kanisa langu na kuyatetea.

Asante ya punda ni mateke. Msemo huo nilikuwa nausikia tu.

Jumanne, 28 Januari

Rafu imekwenda. Baba Kevin amempa kijana anayeuza kadi za simu na losheni. Ameniambia kwa heshima, ameninunulia soda. Nimeinywa yote.

Kesho depo kama kawaida. Kufunga maboksi.

Alhamisi, 30 Januari

Amekuja. Nimempa chai.

Nimemuuliza kitu kimoja tu: alama nyekundu. Nilidhani atakataa. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Hakukataa. Amepuliza chai yake akasema, "Donc, sasa ningefanyaje? Kila mzigo una ubovu wake. Wale wa Buffalo wangeniacha. Wewe ni ndugu yangu. Hasara yangu ningeiweka kwa nani mwingine?"

Alisema hivyo kama mtu anayenisifu. Na mbaya zaidi, ninaelewa. Kwetu ndivyo ilivyo. Mgeni anapewa paja, mtoto wa nyumbani analamba mfupa na kunyamaza, ndiyo sifa yake. Mimi mwenyewe Sifa nampa kipande kidogo wageni wakija. Lakini mtoto wa nyumbani anaambiwa. Anaambiwa, vumilia leo, mwanangu. Mimi sikuambiwa. Mimi nilidanganywa habari za mvua ya Meksiko nikiwa namtilia sambaza kwenye sahani.

Nikamwambia rafu imekwenda. Akasema pole, Mungu atafungua mlango mwingine. Akaomba sukari.

Halafu akakaa. Alikuwa anangoja nishuke kuteremsha ndizi. Mimi nikaosha vikombe. Nikakunja nguo. Nje palikuwa na baridi ya kukata masikio, madirisha yameota barafu kwa ndani. Sifa akanitazama, akatazama mlango. Anajua. Nimemwambia kalale.

Esperance hakuuliza. Kwake ilikuwa michezo yangu tu, kulaza ndizi kama watoto. Nadhani alifikiri nimechoka. Alijifunika kitenge changu akalala mara moja, akikoroma.

Blanketi lilikuwa kabatini. Mimi nililiacha huko.

Ijumaa, 31 Januari

Ameondoka na jua. Ndizi zilikuwa kijani, zinang'aa. Amezisifu. Amenikumbatia kwa nguvu, harufu yake ni ile ile ya kambini, ya mafuta ya nazi. Alikuwa anaimba pambio akikwangua barafu kwenye kioo.

Maboksi yangu nimemwambia aende nayo, sina pa kuyauzia. Sikusema neno lingine. Ningeweza kusema. Neno moja tu lingetosha.

Nimefurahi. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye. Nimefurahi mpaka mchana.

Jumatatu, 3 Februari

Depo. Nimekosea lebo mara mbili, msimamizi amenisema. Sijala vizuri.

Jumatano, 5 Februari

Bibi Nabintu amepiga simu. Nilidhani ni salamu. Amesalimia kwanza, ameuliza Sifa, kazi, mgongo wangu. Amekumbuka mgongo wangu.

Kisha akasema ndizi za wiki hii zimekataa. Zimekuwa za kijivu, ngumu kama kuni. Amezifunga kwenye nguo pamoja na avoka ili ziive, kama nyumbani, hakuna kitu. Zilikuwa za Jumamosi hii, za kuondoa matanga ya shemasi. Mjane alitaka ndizi mbivu, hizo tu, marehemu alizipenda. Esperance anaapa alizinunua nzima, analia, wamama wa kule wamemtukana, wamesema hawamtaki tena. Bibi akaniuliza, "Wewe mwanangu unazijua ndizi. Zimepatwa na nini?"

Nimesema ni baridi, Bibi. Zimelala nje.

Hakuuliza zililala nje wapi. Amesema pole, ubarikiwe, usibebe vitu vizito.

Sikumfikiria Esperance hata kidogo. Nimemfikiria yule mjane na sahani yake.

Leo baada ya kazi nimepita soko la jumla la hapa hapa Columbus. Nilikuwa sijawahi kuingia. Nimenunua boksi moja la ndizi zilizoanza kuiva kwa pesa yangu, nimelikagua mpaka chini. Sifa amenisaidia kulipandisha bila kuambiwa. Mchungaji anakwenda Buffalo Ijumaa kwa hayo matanga, amekubali kulibeba ndani ya gari, karibu na hita, si nyuma.

Kesho ni Alhamisi. Sijui kama atakuja, na akija sijui kama nitamfungulia. Chai ipo.

Sebule ina ubaridi. Nimelitoa lile blanketi, nimezifunika.